Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mali Yetu ni Waya

Ndugu wanachama,

Katika ziara zangu za mwaka huu, swali mliloniuliza kila mahali lilikuwa moja: je, kazi yetu ya kusambaza televisheni kwa kebo bado ina kesho, ilhali kijana anatazama mpira kwenye simu na jirani yake amenunua king'amuzi? Nimeona nijibu kwa mfano wa Comcast, kampuni kubwa ya kebo ya Marekani, kwa kuwa ilianzia pale pale tulipo wengi wetu.

Mwaka 1963 Ralph Roberts, mfanyabiashara wa Philadelphia aliyekuwa ameuza kampuni yake ya mikanda ya suruali, akishirikiana na Daniel Aaron na Julian Brodsky, alinunua kwa dola 500,000 mtandao mdogo wa kebo wa mji wa Tupelo, Mississippi. Ulikuwa na wateja 1,200. Humu ukumbini wamo wanachama wenye wateja zaidi ya hao, na kazi ilikuwa hii hii yetu: kunasa mawimbi kwa antena ndefu, kisha kuyapitisha kwa waya, nguzo kwa nguzo, hadi sebuleni kwa mtu ambaye antena yake mwenyewe ingemwonyesha chengachenga tu.

Jina la Comcast lilikuja mwaka 1969, na mwaka 1972 hisa zikauzwa kwa umma. Walikua zaidi kwa kununua mitandao ya wenzao na kuiunganisha, hadi mwaka 2002 walipochukua kitengo cha kebo cha kampuni ya simu ya AT&T wakawa wakubwa kuliko wote nchini mwao. Ununuzi wa NBCUniversal, kampuni ya televisheni na filamu, na ule wa Sky, kampuni ya televisheni ya Uingereza, mwaka 2018, ni mambo ya mitaji ambayo sisi hatuna.

Linalotuhusu ni intaneti, waliyoanza kuiuza katika miaka ya 1990. Waya wa koaksi, yaani ule ule wa kebo ya televisheni, hubeba masafa mengi kuliko yanayohitajiwa na chaneli, na nafasi inayobaki inaweza kupitisha data, mradi vikuza mawimbi vya nguzoni viruhusu mawasiliano kurudi kutoka kwa mteja, maana televisheni huenda tu, hairudi. Kwa hiyo walivuta faiba, yaani nyaya za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, hadi mitaani, wakaacha koaksi imalizie kipande cha mwisho. Mwaka 2015 wateja wao wa intaneti waliwapita wale wa televisheni.

Sasa niseme nilichokiona kwetu. Nilipanda ngazi na fundi, tukafungua kisanduku kimoja nguzoni: konekta imeota kutu ya kijani, na kiungo cha waya kimefungwa kwa mfuko wa nailoni kisiingie mvua. Mtandao huo utaonyesha taarifa ya habari, lakini intaneti hautaibeba, na iliniuma kwa sababu mwenye mtandao ni mchapakazi asiye na mtaji wa kubadilisha kila kitu peke yake.

Kwa sababu hiyo naomba mkutano huu uridhie wanachama wenye mitandao inayopakana wachangie laini moja ya faiba, watumie kwa pamoja kituo kimoja cha kupokelea mawimbi, na waombe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) leseni zinazohitajika wakiwa kundi moja. Rasimu ya makubaliano mmegawiwa. Tuijadili kifungu kwa kifungu kabla ya kupiga kura.