Mwanangu, vyombo viwe vyenu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Sisi sote hatujambo, mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana. Habari za bendi nilizipata kwa mama yako kabla hujanipigia, na nahisi ulimtanguliza yeye ukihofia nitakavyozipokea. Nimezipokea kwa furaha. Marafiki wanne wa chuo kimoja mmeamua kupiga roki katika mji ambao kila kona ni singeli na Bongo Fleva: pigeni. Usiniambie ni mchezo tu wa wikiendi ili kunituliza. Masomo utamaliza, hilo tulishaongea likaisha.

Kwa kuwa wewe ndiye mpiga besi, na umeme ndio unaosomea, nataka umjue John Deacon wa Queen. Bendi ile ilianza London mwaka 1970. Mwimbaji alikuwa Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946. Mpiga gitaa Brian May alikuwa Imperial College, mtu wa fizikia. Mpiga dramu Roger Taylor alikuwa amewahi kusomea udaktari wa meno. Wapiga besi waliingia na kutoka mpaka mwaka 1971 walipompata Deacon, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisoma elektroniki Chelsea College. Mwaka uleule akahitimu kwa daraja la kwanza. Mwaka uliofuata aliokota bodi ya redio ya transista kwenye takataka barabarani, akaifunga ndani ya boksi la spika ndogo na kuiwasha kwa betri ya volti 9. Haikuwa na hata kitufe cha kuongeza sauti. May akachomeka gitaa lake humo, ikatoka sauti ambayo amplifaya za dukani hazikuwa nayo. Katika rekodi zao, zile sehemu ambapo magitaa yanalia kama tarumbeta na fidla, nyingi zilipitia kwenye kile kiboksi. Nimefungua redio nyingi za namna ile maishani mwangu, najua kilichomo: transista chache na transfoma mbili ndogo.

Gitaa lenyewe la May pia halikununuliwa. Alianza kulichonga mwaka 1963 akiwa na baba yake, mtu wa elektroniki, na liliwachukua kama miaka miwili. Shingo ilitoka kwenye ubao wa meko ya zamani, springi zake zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Na huyo baba hakufurahi mwanawe alipoacha shahada ya uzamivu kwa ajili ya muziki. May aliirudia, akaimaliza mwaka 2007, akiwa na miaka 60. Nawaza sana habari za baba yule. Benchi langu na pasi yangu ya risasi vipo palepale dukani. Desemba ukija tutaunda amplifaya ya besi. Kwa sasa, nakuomba, usipitishe besi kwenye sabufa ya chumbani. Ule uzi mnene wa E unatetema mara 41 kwa sekunde, na sabufa za nyumbani hazikuundwa kubeba mapigo ya moja kwa moja ya kidole kwenye uzi. Mtaunguza koili ya spika siku ya kwanza.

Sasa la umeme, na hili ulisome mara mbili. Tarehe 3 Mei 1972 huko Swansea, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alishika maikrofoni jukwaani na umeme ukamuua mbele ya watazamaji. Njia yenyewe unaijua darasani, ila nataka uione kwenye mwili wako. Nyuzi za gitaa, kwa kupitia kebo, zimeungana na kasha la chuma la amplifaya. Maiki imeungana na kasha la mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Amplifaya ikiwa na hitilafu ndani, na haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, nyuzi zako zina volti 230 nawe hujui, maana umesimama na viatu vya raba. Unasogea kuimba, mdomo unagusa maiki, na umeme umepata njia: vidoleni, kifuani, mdomoni.

Kwa hiyo kwenye ule ukumbi wa kanisa mnakoazimwa dramu, kabla ya kuchomeka chochote, pima soketi kwa mita, usitegemee testa ya bisibisi peke yake. Plagi yenye pini ya ethi iliyokatwa ili iingie kwenye ekstensheni, itupe. Vyombo vyote vichukue umeme kwenye laini moja. Mkichangishana fedha, cha kwanza kununua si pedali wala maiki mpya. Ni kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampea 30. Ukimwona mwenzio anasema gitaa "linamchoma kidogo", zima kila kitu. Hata kama watu wameshalipa kiingilio.

La mwisho ni la umiliki. Bendi zetu nyingi za dansi zilikuwa za mwenye vyombo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walilipwa mshahara kama waajiriwa wengine. Ule mshahara ulilisha familia, sikatai. Lakini mwanamuziki akiondoka, gitaa lilibaki. Ninyi vyombo viwe vyenu: andikeni kwenye daftari moja nani kaleta nini, na kipi mmenunua kwa fedha ya wote. Na nyimbo vilevile. Queen waligombana miaka mingi kuhusu jina la nani liandikwe kwenye wimbo, hadi walipotoa albamu ya mwaka 1989 wakaamua kila wimbo uandikwe kwa jina la bendi nzima. Ninyi ni marafiki tangu mwaka wa kwanza. Lisemeni sasa, mkiwa bado hamna hata shilingi ya kugawana.

Nitumie picha ya nyuma ya ile amplifaya ya kuazima, pale penye maandishi ya wati na omu, nikutafutie spika inayolingana nayo. Mama yako anauliza mtapiga lini mbele ya watu, maana anataka kukata tiketi ya basi mapema.

Baba yako