Mfungwa akihamishwa, masomo yake yamfuate

Mhariri,

Nimefundisha wafungwa kusoma na kuandika kwa miaka kadhaa, kwa kujitolea, na kuna jambo linaloniuma: darasa la gerezani bado linahesabiwa kuwa hisani.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtu wa miaka 40 na ushei, siku ya kwanza alikamata penseli kwa ngumi kama anayeshika patasi. Miezi mitatu baadaye aliandika jina lake lote, akalitazama, akalifuta, akaliandika upya. Kisha akaniambia kwamba maelezo yake ya polisi aliyatia dole gumba bila kujua yanasema nini. Barua za mkewe alikuwa akisomewa na mwenzake, na alitaka kuzisoma mwenyewe, maana mambo mengine si ya kusikiwa na watu. Kabla hajafika hapo, akahamishiwa gereza jingine. Daftari lake nimebaki nalo mimi.

Wapo wanaouliza kwa nini mhalifu asomeshwe kwa kodi ya watu aliowadhulumu. Uchungu huo nauelewa, hasa ukitoka kwa aliyeibiwa au kuumizwa. Lakini wafungwa walio wengi hutoka siku moja, wakarudi kuishi nasi. Shirika la utafiti la RAND lilipopitia tafiti za magereza ya Marekani mwaka 2013, lilikuta kuwa waliosoma kifungoni walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia makosa kwa asilimia 43, na kila dola 1 iliyotumika kuwasomesha iliokoa dola 4 hadi 5 za kuwafunga tena ndani ya miaka 3. Nyuma ya hesabu hiyo wapo watu ambao hawakuvunjiwa nyumba.

Kanuni za Mandela, yaani kanuni za jinsi ya kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka wafungwa wasiojua kusoma wafundishwe kwa lazima. Kanuni ya 104 inaongeza kuwa masomo hayo, kadiri inavyowezekana, yaunganishwe na mfumo wa elimu wa nchi ili anayetoka aendelee bila shida. Hapo ndipo tunapokwama. Jalada la kesi humfuata mfungwa kila aendako, lakini rekodi ya masomo huachwa nyuma.

Naomba wakuu wa magereza waulize mtu amefika wapi darasani kabla ya kumpandisha gari. Na vyeti vitolewe na mamlaka za elimu, bila jina la gereza, kwa sababu mwajiri akiliona jina hilo haendelei kusoma.

Mwalimu wa kujitolea