Faini Tuliyomtoza Mwenzetu: Barua kwa Wanachama wa Chama Chetu

Wanangu wapendwa wa chama chetu hapa Jericho, Nairobi,

Nawasalimu nikiwa mlezi wenu, na ninawaandikia waziwazi kwa sababu uamuzi wa mkutano uliopita umeninyima usingizi. Mliniarifu kwamba mwenzetu mmoja, baada ya kukosa mikutano 3 mfululizo na kuacha kupokea simu, ametozwa faini ya shilingi 200 kwa kila mkutano, na zamu yake ya kupokea mchango imesogezwa hadi mwisho wa mzunguko. Kanuni zetu zinaruhusu hivyo, nami nilikuwepo zilipoandikwa. Hata hivyo, nilikwenda kwake siku iliyofuata, nikamkuta kitandani saa nane mchana, mapazia yamefungwa, na uji aliopelekewa na jirani asubuhi ukiwa bado haujaguswa. Ameniruhusu niwaeleze hali yake bila kumtaja jina.

Mwenzetu anaugua sonona, ugonjwa ambao wengi mtaani huuita dipresheni, na ambao mara nyingi tunauchanganya na msongo wa mawazo. Msongo ni ule unaotupata wakati karo inadaiwa na mfukoni hamna kitu. Karo ikilipwa, mtu hupumua. Sonona huweza kuanzia kwenye msiba, kujifungua au kupoteza kazi, lakini pia huweza kuingia bila sababu yoyote inayoonekana, na hata sababu ikiondoka, yenyewe ikabaki. Madaktari huitambua pale ambapo huzuni, au kutovutiwa tena na chochote, kumemganda mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki 2, tena pamoja na dalili kama vile kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kutopita, nguvu kumwishia, akili kushindwa kutulia, na kujiona mzigo kwa watu wake. Mara nyingi mwili ndio hulalamika kwanza. Kabla ya kujifungia, mwenzetu alikuwa amepimwa malaria mara mbili na kununua dawa za maumivu ya kichwa na mgongo kila wiki, na hakuna aliyemuuliza habari za moyo wake.

Nimesikia mmoja wenu akisema kwamba huo ni uvivu, kwa kuwa mwezi uliopita alionekana akicheka harusini. Nilimuuliza kuhusu siku hiyo. Aliniambia kwamba alianza kujiandaa alfajiri, akaketi na kiatu kimoja mkononi kwa muda asioweza kuukadiria, na aliporudi jioni alilala siku 2 kwa uchovu wa kuigiza furaha mbele yetu. Tafadhali mlifikirie hilo kabla ya kumpima mgonjwa kwa kicheko chake.

Siwanyoshei kidole nikiwa pembeni. Zamani, mdogo wangu alipokuwa katika hali kama hii, nilimwambia ajikaze kiume, nikamtajia watu wenye shida kubwa kuliko zake, na nilipokasirika nikamwambia kwamba mwisho wake ni Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Alipona kwa msaada wa wengine, si wangu, na ilipita miaka mingi kabla hajakubali tena kula chakula nyumbani kwangu. Hospitali ile ya barabara ya Thika imekuwapo tangu 1910, na tumeligeuza jina lake kuwa tusi kiasi kwamba mtu anayeihitaji huona aibu hata kumtajia kondakta wa matatu mahali anaposhukia. Ukweli ni kwamba ina kliniki ambako mgonjwa huonana na daktari na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ugonjwa huu unatibika. Wapo wanaopata nafuu kwa mazungumzo ya mfululizo na mtaalamu wa ushauri nasaha, wapo wanaohitaji dawa, na wengine huhitaji vyote viwili. Jueni pia kwamba dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu ya kuonekana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuziacha. Mgonjwa asiziache wala kuzipunguza pasipo kuzungumza na daktari wake. Mnaotaka kumwombea, mwombeeni, nami nitakuwa pamoja nanyi, lakini msimwambie kwamba imani yake ni haba, na baada ya maombi mmoja wenu apande naye gari kwenda kliniki.

Liko jambo moja zito ambalo sitalizunguka. Mtu mwenye sonona akianza kusema kwamba afadhali asingekuwepo, au akigawa vitu vyake bila sababu, muulizeni kwa upole na bila kuficha maneno kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia upweke. Akikubali, msimwache peke yake, na mumfikishe hospitalini siku hiyo. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia zilinyamaza kwa kuogopa polisi, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imekataa mgonjwa aadhibiwe kwa maumivu yake, chama cha majirani hakina sababu ya kuendelea kumtoza.

Ninaomba basi kwamba faini ile ifutwe, zamu yake irudishwe mahali pake, na kanuni yetu ibadilishwe ili mwanachama akikosa mikutano 2, watu wawili wamtembelee kabla ya jina lake kusomwa mkutanoni. Mkienda, msimwambie "ukihitaji kitu niite", kwa maana hana nguvu ya kuita. Fueni nguo zilizo kwenye karai, wachukueni watoto kutoka shuleni, au ketini naye tu, na akinyamaza msione vibaya. Akikataa kufungua mlango, rudini kesho yake bila lawama.

Kliniki yake ni Jumanne asubuhi. Nimekubali kumsindikiza wiki hii, na ninahitaji mmoja wenu wa kumsindikiza wiki ijayo. Atakayekuwa tayari amwone katibu kabla ya mkutano wa Jumapili.

Wenu mpendwa,
Mlezi wa chama