Vijana, msifute ujumbe wa anayewatisha

Ndugu Mhariri,

Binti wa dada yangu, miaka 15, alizoeana mtandaoni na "msichana wa kidato cha sita". Wiki mbili baadaye msichana huyo akaomba picha, kisha akadai elfu hamsini, la sivyo picha zingesambazwa shuleni. Mtoto akaogopa, akafuta kila kitu, hata namba. Polisi tukaenda mikono mitupu.

Vijana, msifute. Pigeni picha ya skrini, tunzeni namba, msitume hata senti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini inataka ushahidi. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Nasi walezi (najisema mwenyewe) tupunguze ukali. Alinificha akihofia nitamnyang'anya simu, na kweli ningemnyang'anya.

Mama Mdogo,
Tanga