Risala ya Wapakuaji wa Vyoo wa Temeke kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Warsha ya Utafiti wa Usafi wa Mazingira Mijini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wahadhiri wetu, wageni mliotoka nchi za mbali, ndugu wanakikundi,

Karibu sana Temeke. Risala hii tumeiandika sisi vijana, wake kwa waume, tunaoendesha maisha kwa kupakua vyoo. Ni kazi ambayo watu huitaja kwa kunong'ona. Leo umekuja kuisikia hadharani, na jambo hilo limetugusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Wana vyoo vya shimo, vingine vimezungushiwa matairi chakavu ili mchanga usiporomoke. Shimo likijaa, na gari la kunyonya likashindwa kupita kichochoroni, mwenye nyumba huita vyura, yaani vijana wanaoingia shimoni usiku na ndoo. Asiye na hela husubiri masika atapishe: hutoboa shimo mvua ikikolea, uchafu ukaenda na maji hadi mlangoni kwa jirani. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, wengi wetu tulikuwa bado vyura.

Wataalamu wa nje wamehangaika na shida hii pamoja nasi tangu zamani. Kati ya 1988 na 1992 shirika la WASTE la Uholanzi lilitengeneza hapa hapa Dar es Salaam pampu ya mkono yenye tangi la lita 200, ikaitwa MAPET. Ilipita vichochoroni, na timu kadhaa zilikuwa zikiitumia. Lakini spea yake moja ya lazima ilitoka Kenya, na aliyekuwa akishughulikia kuiagiza alipoondoka, pampu zikaanza kulala moja baada ya nyingine. Mwishowe hakuna hata moja iliyobaki kazini. Baadaye Steven Sugden wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, chuo cha afya cha Uingereza, alibuni Gulper, bomba la plastiki lenye mpini wa chuma, ambalo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kulirekebisha. Ndiyo tunayotumia mpaka leo.

Tunaomba tukueleze inavyokwenda kazini. Kabla bomba halijaingia shimoni tunavua taka kwanza: kwa ndoano ndefu tunatoa pampasi, matambara, chupa, nywele za bandia. Bila hivyo bomba linaziba baada ya mipigo michache. Kisha tunamwaga maji na kukoroga ili tope lilainike, tunapampu kwenye mapipa, na toyo, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, linabeba. Tope la chini kabisa, lililokaa miaka na kuwa gumu kama udongo wa mfinyanzi, Gulper hailifikii. Hapo ndipo tungependa watafiti waanzie.

Thamani ya tope hilo imeshaonekana. Watafiti wa Uganda, Senegal na Ghana, wakishirikiana na wenzao wa Uswisi, walilikausha wakakuta kila kilo ya tope kavu ina nishati ya wastani wa megajuli 17.3, inayokaribia ya kuni. Kampala walichomea matofali. Sisi bado tunalipia kulimwaga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna jambo limetukaa rohoni. Waliwahi kuja watafiti, tukawafungulia mashimo, tukawashikia chupa za sampuli kutwa nzima juani. Majibu hatujayaona. Mama mmoja ambaye choo chake kilichukuliwa sampuli bado anatuuliza kama maji ya kisima chake ni salama, nasi tunainamisha macho.

Kwa hiyo tunaomba, kupitia kwako, kila mradi utakaoingia mtaa huu urudishe majibu yake kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa mtaa, kabla ripoti haijapelekwa kwingine. Tunaomba pia kifaa chochote kitakachojaribiwa hapa kiwe na fundi na spea zake hapa hapa Temeke. Na chanjo ya homa ya ini kwa kila anayeshika mpini. Kijana wetu mmoja anapima kina cha mashimo vizuri kuliko hata wanafunzi wa shahada waliokuja. Naye aandikwe miongoni mwa watafiti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tumeandaa onyesho fupi la Gulper pale nyuma ya ofisi ya mtaa. Buti na glavu za saizi yako zipo.

Naomba kuwasilisha.