Kwa Mdogo Wangu, Kuhusu Cheti Nilichokiita Karatasi

Mdogo wangu,

Simu zangu huzipokei, na ujumbe niliokutumia mara mbili haukupata jibu, kwa hiyo nakuandikia hapa ambapo najua hupita kusoma. Mama ameniambia kwamba umerudi kwenye vitabu, kwamba unajiandaa kwa mtihani mwingine wa usimamizi wa hifadhidata, na kwamba ulimuuliza kama dada yako bado anasema cheti ni karatasi tu. Hakujua akujibu nini. Swali lilikuwa langu, na jibu lake nimelichelewesha kwa miaka minne.

Unakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa dawati la msaada, ukiwafungulia watu akaunti zilizojifunga, na kila ulipopata nafasi ulikuja kusimama nyuma ya kiti changu ukitazama ninavyoandika SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba kazi hii haina mlango wa mbele. Nilikuambia kwamba ni waajiri wachache sana wanaomkabidhi mgeni funguo za hifadhidata inayotumika, kwa kuwa kosa la mwandishi wa programu huweza kusahihishwa kesho yake, lakini data iliyopotea bila nakala haina wa kuirudisha. Na kwamba kwa sababu hiyo wengi wetu tuliingia kwa ubavuni, wengine wakitokea kwenye uandishi wa ripoti, wengine kwenye usimamizi wa seva, mpaka siku moja msimamizi aliyekuwepo akaondoka, na yule aliyejua majedwali yako wapi akarithi kazi. Hayo yalikuwa kweli na bado ni kweli. Ndivyo nilivyoingia mimi. Nilichokosea ni kudhani kwamba njia niliyopita ndiyo pekee yenye heshima.

Wewe ulichagua njia nyingine. Ulisoma miezi saba kwa ajili ya cheti cha Oracle, mmoja wa mifumo mikubwa ya hifadhidata, usiku, baada ya kazi, na ulipofaulu ulinitumia picha ya matokeo kabla hujamtumia mtu mwingine yeyote. Nilikujibu kwa maneno matatu: "Vizuri. Sasa jifunze." Niliyasoma tena juzi, na nilishindwa kuendelea na kazi niliyokuwa nayo mkononi.

Cheti kile kilikufanyia mambo ambayo mimi nisingeweza kukufanyia. Kilifanya maombi yako yasomwe na watu wenye rundo la maombi mezani wanaotafuta sababu ya kulipunguza. Kwa kampuni zinazotaka kuwa washirika rasmi wa watengenezaji kama Microsoft au Oracle, wafanyakazi wenye vyeti huhesabiwa, kwa hiyo jina lako lilikuwa na faida tangu siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, mtaala wa mtihani humlazimisha mtu kugusa mambo ambayo kazi ya kila siku haimfikishi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi hii miaka sita bila kuwahi kuirejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala, iwe kama ilivyokuwa dakika moja mahususi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniomba nifanye hivyo. Wewe ulikuwa umelifanya zoezi hilo mara nyingi, kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza, ndani ya kompyuta yako chakavu, kabla hujaajiriwa. Niliona wivu, na niliuita wivu huo uzoefu.

Sasa nifike kwenye usiku ule, na asubuhi yake.

Ulikuwa na wiki tano kazini. Mimi ndiye niliyekupendekeza, na mimi ndiye niliyekupangia zamu ya usiku peke yako. Seva ilikuwa ya PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, toleo la zamani. Saa nane na dakika kumi usiku diski ilijaa, hifadhidata ikasimama, nawe ukaanza kutafuta kilichoijaza. Ukakuta saraka moja iitwayo pg_xlog imevimba kupita kiasi. Anayelisoma jina hilo kwa haraka hudhani ni kumbukumbu za kawaida, zile za makosa na maonyo ambazo hufutwa bila madhara. Kumbe humo ndimo kila badiliko huandikwa kwanza kabla ya kufika kwenye majedwali, na bila mafaili hayo hifadhidata iliyozimika ghafla haiwezi kujua iliishia wapi. Ukayafuta. Ulipoiwasha, haikuwaka.

Wengi wamewahi kuyafuta kabla yako, kiasi kwamba katika toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, watengenezaji wa PostgreSQL waliibadilisha saraka hiyo jina ikawa pg_wal, kwa kuwa jina la zamani lilikuwa likiwaponza watu. Kwenye Oracle ungeitambua papo hapo, maana kule huitwa redo, na ulijua kabisa kwamba haiguswi. Dhana ulikuwa nayo. Lililokupotosha ni jina. Nililielewa hilo usiku ule ule uliponieleza kwa simu huku sauti ikikutetemeka, na sikulisema.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema. Diski ile haikujaa yenyewe. Panapowekwa utaratibu wa kuyahifadhi mafaili hayo mahali pengine, PostgreSQL huyashikilia mpaka yatakapovuka salama, na siku 19 kabla ya usiku ule mimi nilikuwa nimebadilisha nywila ya akaunti inayoyavusha, nikasahau kuibadilisha ndani ya skripti, ile programu fupi inayofanya kazi hiyo yenyewe. Tangu siku hiyo halikuvuka hata faili moja. Nakala rudufu ya kila usiku ilipitia akaunti hiyo hiyo, nayo haikuvuka. Barua pepe za onyo zilikwenda kwenye anwani ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Na fomu ya mwezi, inayothibitisha kwamba nakala zimejaribiwa kurejeshwa, ilikuwa na saini yangu ya wiki iliyotangulia, ilhali sikuwa nimejaribu chochote.

Mimi huyo huyo ndiye niliyekuwa nimekusimulia kisa cha GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni. Nilikueleza jinsi tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alivyofuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine, na katika takribani gigabaiti 300 zikabaki 4.5; jinsi nakala zao za kila siku zilivyokuwa zikishindwa kwa sababu programu iliyozichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na seva, huku barua pepe za kuonya zikikataliwa bila mtu kujua; na jinsi walivyookolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla kwa ajili ya shughuli nyingine. Nilikuambia kwamba kilichonigusa zaidi ni kuwa walieleza yote hadharani na hawakumtupia lawama yule mhandisi. Ulinisikiliza kwa makini, ukaniuliza kama sisi hujaribu nakala zetu. Nikasema ndiyo.

Asubuhi tuliketi wanane. Meneja aliuliza kilichotokea. Ulieleza ulichokifanya hatua kwa hatua, bila kuficha hata amri moja, kisha ukaniangalia. Hukuniangalia kwa kunishtaki, kwa maana hukujua lolote kuhusu nywila. Uliniangalia kama mtu amwangaliavyo dada yake. Nami nikasema: "Vyeti vya siku hizi ni karatasi tu. Watu wanakariri maswali." Baadhi yao wakaitikia kwa vichwa. Ulishusha macho, ukaanza kukunja kona ya daftari lako, ukaikunja na kuikunjua, na hukusema neno jingine mpaka kikao kilipokwisha.

Hukukariri. Nilikuwepo. Nilikuona ukivunja na kujenga upya hifadhidata ile ya mazoezi mpaka nikakuomba uzime taa.

Nataka uelewe nilikuwa katika hali gani. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili. Nilikuwa mwanamke pekee katika idara ile, na kosa langu lingekumbukwa muda mrefu kuliko la mwingine. Ada ya mtihani wako niliilipa mimi, na nilijiambia kwamba nikifukuzwa mimi tutaanguka wote, lakini ukiondoka wewe mmoja bado nitaweza kukuinua. Sikuyatunga haya leo. Ndivyo nilivyofikiri nikiwa nimeketi pale. Na nikuambie pia usilopenda kulisikia: hukupaswa kufuta. La kwanza nililokufundisha ni kwamba ukiwa peke yako usiku na umechanganyikiwa, hufuti, unahamisha. Ungeyahamishia mafaili yale diski nyingine, tungeyarudisha na hifadhidata ingewaka. Ungenipigia simu kabla, si baada. Kisha ukaondoka bila kuniaga, ukamwambia Mama umechoka na kompyuta, ukaniachia mimi kumweleza kilichotokea, jambo ambalo ulijua sitaliweza.

Lakini saa sita mchana ya siku ile, wengine walipokuwa wametoka, niliketi nikairekebisha nywila ndani ya skripti. Ilinichukua chini ya dakika moja. Hakuna aliyeuliza. Hifadhidata tuliilazimisha kuwaka kwa kuyaanzisha upya mafaili yale ya mabadiliko, njia inayoacha data isiyoaminika, na kwa wiki tatu nilikuwa nikilinganisha miamala safu kwa safu, peke yangu, kwenye kiti ambacho hakukuwa na mtu aliyesimama nyuma yake.

Mwaka uliofuata nilijiandikisha kwa mtihani wa DP-300 wa Microsoft, wa wasimamizi wa hifadhidata. Sikumwambia mtu. Alama za kufaulu ni 700 katika kipimo cha 1,000, na nilipoanza kusoma niligundua sehemu nzima za kazi yangu ambazo nilikuwa nikizifanya kwa mazoea tu: vipimo vya muda gani taasisi inaweza kukaa bila data, na data ya muda gani inaweza kukubali kuipoteza. Nilikuwa sijawahi kumuuliza mwajiri yeyote maswali hayo mawili. Karatasi ndiyo iliyonifundisha kuyauliza.

Kwa hiyo, kuhusu mtihani unaojiandaa nao. Chagua cheti cha mfumo unaotumika mahali unapotaka kufanya kazi, si chenye jina kubwa. Fahamu kwamba vyeti huzeeka: Microsoft iliviondoa MCSA na MCSE tarehe 31 Januari 2021, na cha DP-300 huhuishwa kila mwaka kwa tathmini ya bure mtandaoni. PostgreSQL yenyewe haina cheti rasmi cha mradi. Vilivyopo hutolewa na kampuni. Kisichozeeka ni misingi, kwa kuwa wazo la kupanga data katika mahusiano ambalo Edgar Codd alilichapisha mwaka 1970 ndilo bado unalolifanyia kazi kila unapoandika SQL. Maswali yaliyoibwa yanayouzwa mtandaoni usiyaguse, maana watengenezaji huweza kukufutia cheti. Najua hutayagusa. Nimeandika hilo kwa ajili ya wengine wanaosoma, kwa maana nilikuwa nimesahau kwamba wapo.

Wala usitishwe na wanaosema huduma za wingu zimeimaliza kazi hii. Amazon RDS, huduma ya hifadhidata ya kukodi mtandaoni, itakuchukulia nakala yenyewe na kuzitunza hadi siku 35, lakini haitajua kwamba safu zilizofutwa jana zilifutwa kwa makosa, wala haitajua ni nani hakupaswa kuwa na ruhusa ya kuzifuta.

Siku hizi mimi husaili watu. Cheti hukitazama, na humheshimu aliyekihangaikia. Kisha huuliza swali moja: mara ya mwisho ulirejesha lini, na ilikuchukua dakika ngapi? Wengi hunyamaza. Wewe ungejibu. Sakinisha PostgreSQL, jaza data, chukua nakala, futa jedwali saa unayoiandika kwenye daftari, kisha irejeshe hifadhidata mpaka dakika iliyotangulia. Andika kila kilichokwama. Hayo maandishi nenda nayo kwenye usaili pamoja na cheti.

Jumatatu iliyopita nilimwandikia meneja wetu wa wakati ule. Nilimweleza habari za nywila, zile siku 19, na fomu niliyoitia saini, nikaambatisha skripti yenye tarehe niliyoirekebisha. Nilimwomba akuandikie barua ya kukusafisha. Bado hajanijibu. Nakala ya nilichomwandikia nimeituma kwenye anwani yako ya zamani, ile uliyojiandikishia mtihani wa kwanza, kwa kuwa ndiyo pekee niliyokuwa na hakika nayo. Ukiona inafaa kumwonyesha mtu yeyote, mwonyeshe.

Dada yako