Shule ndogo nayo ina madarasa saba

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme jambo nililoshindwa kulisema kikaoni kwa sababu machozi yalinitangulia.

Kilikuwa kikao cha wazazi na viongozi wa elimu, baada ya matokeo ya darasa la saba kutoka. Orodha ikasomwa shule moja moja, ya kwanza mpaka ya mwisho, na yetu ikawa ya tatu kutoka mkiani. Mwalimu mkuu akaambiwa asimame aeleze kwa nini tumeshuka kutoka asilimia 83 hadi 57. Akasimama, mbele ya wazazi wa watoto anaowafundisha. Kisha mmoja wa waliokaa meza kuu akasema shule za namna hii, zenye watoto wachache na ufaulu mdogo, bora ziunganishwe na za jirani.

Mimi ni mkulima wa ufuta na mikorosho michache mkoani Lindi, kilomita 61 kutoka makao makuu ya halmashauri yetu. Shule hii nimeisoma mwenyewe. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1978, enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tukikalia magogo. Wanangu wanne wamepita hapo, sasa wapo wajukuu wawili, na nina mwaka wa sita kwenye kamati ya shule. Hesabu zake nazijua kama ninavyoyajua magunia yangu.

Hiyo 83 ni hivi: mwaka juzi watahiniwa walikuwa 12, wakafaulu 10. Mwaka jana walikuwa 14, wakafaulu 8. Kwetu mtoto mmoja ni asilimia 7. Binti mmoja kati ya hao sita walioshindwa alishikwa na malaria, siku ya pili akapelekwa chumba cha mtihani akiwa amebebwa kwenye baiskeli. Kwenye shule yenye watahiniwa 200, mtoto kama huyo ni nusu ya asilimia, hakuna atakayeambiwa asimame kwa ajili yake. Baraza la Mitihani lenyewe, enzi lilipokuwa likitangaza shule bora, liliziweka kundi lake shule zenye watahiniwa chini ya 40, wala halikuzichanganya na zile kubwa. Sisemi kufeli kwa watoto sita ni jambo dogo. Nawajua wote sita, najua na milango ya nyumba zao. Nasema tu kwamba anayetaka kujua kama shule ndogo inapanda au inashuka ajumlishe watahiniwa wa mitihani ya miaka mitatu au minne mfululizo, ndipo aseme.

Sasa fedha. Ulipoanza mpango wa elimu bila malipo, Januari 2016, mgawo wa shule ya msingi ulikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 6,000 zinakuja shuleni, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Nilifurahi siku ile na bado nashukuru, kwa maana nakumbuka watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Lakini hebu tupige hesabu. Darasa la kwanza hadi la saba tuna watoto 143. Mara 6,000 ni shilingi 858,000. Gawa kwa miezi 12, unapata 71,500 kwa mwezi. Hapo humo kuna chaki, karatasi, mitihani, kitasa cha ofisi na bati lililong'oka.

Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,600 kwa kiwango hichohicho inapata 9,600,000. Siwaonei wivu. Najua kuna madarasa huko watoto wanakaa zaidi ya mia, na mwalimu hana pa kupita. Shida yao ni ya kweli. Ila shule ndogo nayo ina madarasa saba, na la awali ni la nane. Ubao ni uleule, ratiba ni ileile, mtaala ni uleule, mtihani wa Septemba ni uleule. Bodaboda kwenda na kurudi halmashauri ni shilingi 50,000, naye dereva haulizi shule ina watoto wangapi. Safari moja tu imekula zaidi ya nusu ya mgawo wa mwezi.

Matokeo yake nimeyaona kwenye mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule za jirani huufanya kwa pamoja. Fedha ya kudurufu haikuwepo, mwalimu akayaandika maswali ubaoni. Mjukuu wangu anakaa nyuma na macho yake si mazuri. Alinionyesha daftari jioni: ubaoni iliandikwa 36, yeye ameandika 86, akaikokotoa 86 vizuri kabisa, kila hatua imenyooka, akapata kosa. Nililiangalia lile daftari muda mrefu.

Walimu nao wanagawiwa kwa vichwa vilevile. Kipimo ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kwa kipimo hicho watoto 143 ni walimu watatu na kitu. Tunao watano, akiwemo mwalimu mkuu, kwa hiyo kwenye makaratasi tunaonekana tuna ziada! Mwaka jana mwezi wa tano, Jumanne, nilipeleka mahindi ya uji nikawakuta walimu wawili shule nzima. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi, mwalimu mkuu ameitwa halmashauri, wa tatu yuko hospitali na mwanawe. Darasa la pili na la tatu walikuwa chumba kimoja, ubao umekatwa katikati kwa mstari wa chaki, huku kujumlisha, huku kuzidisha. Darasa la saba walikuwa peke yao, kiranja anawasomea kitabu. Walikuwa wametulia, wanasikiliza. Watoto hawa wanataka kusoma, nisieleweke vibaya.

Tulipata mwalimu wa hisabati, ajira mpya, kijana hodari. Alikaa miezi minane akahama kumfuata mwenza wake. Simlaumu, alikuwa amepanga chumba kinachovuja. Nyumba ya mwalimu tuliianza wenyewe wanakijiji kwa matofali yetu, ikafika usawa wa lenta. Boma hilo limesimama mwaka wa tatu likingoja bati, mvua inakula kuta.

Kuhusu kuunganishwa: shule ya jirani iko kilomita 9, na katikati kuna mto. Masika hauvukiki, na Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya hata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, sembuse njia yetu ya miguu. Tembo wanapita pale alfajiri, saa ambayo mtoto wa miaka saba angekuwa njiani. Wengi wasingefika. Nasema hivi kwa sababu hata sasa, msimu wa kuvuna ufuta, wazazi wakihamia mashambani kwenye madungu wanaondoka na watoto, na ni walimu hawa hawa wanaowafuata huko kuwarudisha.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuhesabu vichwa, kila shule ya msingi ipewe kiasi fulani cha kuanzia, kinachotosha kuendesha madarasa saba, ndipo 6,000 kwa mtoto ifuate juu yake. Na walimu wa shule ndogo wahesabiwe kwa madarasa, wasipungue saba. Wakisema fedha haipo, halmashauri inatoza ushuru wa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara, na ufuta na korosho vinatoka huku huku kwetu. Sehemu ya ushuru huo iezeke boma letu.

Kwa sasa hisabati inafundishwa na binti wa hapa kijijini aliyemaliza kidato cha sita, anajitolea, nasi tunamchangia mahindi na shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwaka huu watahiniwa ni 16. Naomba mwenye mamlaka ya kupanga mgawo anijibu katika ukurasa huu kabla ya Septemba, maana binti ameitwa chuo na ataondoka Oktoba.

Mjumbe wa kamati ya shule,
Mkoa wa Lindi
(Jina na anwani yangu nimekuandikia pembeni)